Mluzi wa Barafuni

Kwetu Voi mtoto wa kike hakupiga mluzi. Mchana utaambiwa utaota ndevu, jioni utaambiwa unaita nyoka, na ukipiga ndani ya nyumba, hapo ndipo penyewe, utaambiwa unamwita asiyeitwa. Mimi nilijaribu mara moja nikiwa na miaka minane. Nyanya alinitandika kwa mwiko, tena wenye ugali wa moto, na tangu siku hiyo midomo yangu ikashika adabu. Nasema haya mapema ili ujue nilivyoshtuka asubuhi ile nilipofungua mlango wa mzee mmoja hapa Sydney nikasikia mtu anapuliza ndani, fyu, fyuuu, sauti mbili, fupi na ndefu, na nyumba yenyewe nimeambiwa anaishi peke yake.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawapikia, nawapa dawa, nawasomea barua, nawasikiliza. Ninakaa Granville, na huyu alikuwa stesheni chache kuelekea mjini, nyumba ndogo ya matofali mekundu mgongoni mwa reli, ambayo treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Karatasi ya ofisi ilisema: mwanamume, miaka tisini na mbili, mjane, hana mtoto, macho yameharibika, mkali. Hilo la mwisho nililipenda, maana na mimi sijambo.

"Nani anapiga mluzi humu ndani?" niliuliza kabla hata ya salamu.

"Mimi," akajibu kutoka chumbani. "Na wewe ni nani unayehoji watu kwenye nyumba yao?"

"Mimi ndiye nitakayekuogesha. Kwa hiyo tuanze vizuri."

Alicheka hadi akakohoa. Kuanzia siku hiyo akaniita bosi. Mimi nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake, akasema afadhali hilo kuliko majina ya kitoto aliyokuwa akiitwa hospitalini. Tuliongea Kiingereza, bila shaka, lakini maneno yake mimi nimeyahifadhi kwa lugha yangu, na ndivyo nitakavyoyasema.

Ukutani kwake palikuwa na picha mbili. Moja ya marehemu mkewe. Nyingine ya mwanamume mwenye masharubu na sweta ya mistari, ameshika gongo refu lililopinda nchani. Nilidhani ni mvuvi. "Baba yangu," akasema. Baba yake alikuwa katika wale wa mwanzo kabisa, kwenye mji wao mdogo wa wachimba madini huko kaskazini mwa Kanada, kulipwa kwa kucheza mpira wa magongo juu ya barafu. Kabla ya hapo watu walicheza kwa mapenzi tu, wakitoka mgodini. Kisha mtoto naye akafuata gongo la baba. Alipofika miaka kumi na tisa akawa analipwa, na akacheza majira sita ya baridi.

Mimi mpira wa magongo niliujua wa shuleni, kwenye vumbi jekundu, na ndala zako unazipanga ziwe goli. Nikamuuliza, juu ya barafu mnasimamaje? Akaniambia nivute sanduku chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na viatu vya ngozi iliyokauka ikapasuka, na chini ya kila kimoja kisu kirefu cha chuma kimesimama.

"Salaale! Mnafukuzana na visu miguuni na magongo mikononi, halafu mnaita mchezo?"

"Tena bila kofia ya kukinga kichwa. Aliyeivaa aliitwa mwoga."

Yeye alikuwa beki. Akanieleza kazi yenyewe: adui anakuja na kile kidude cheusi cha mpira mgumu wanachokipiga, wewe unamwendea kwa mwendo wote ulio nao, unampiga bega hadi anabandikwa kwenye ubao unaozunguka uwanja. Hiyo inaruhusiwa. Watu wanatoka makwao kwenye baridi kuja kuiona. Meno yake ya mbele yote yalibaki huko, akaniambia, wala hakuyahurumia.

Alipenda kusimulia mwanzo wa kazi ile. Mwisho wake hakuusimulia. Nikiuliza kwa nini aliacha akiwa kijana, atasema alichoka na baridi, akapanda meli akaja mji usio na barafu. Kumbe hata huku wanaigandisha kwa mashine ndani ya jumba! Wiki yake ya kwanza Sydney mwenzake wa kiwandani alimkaribisha akaione. Kusikia tu, aliinuka mezani akaenda kutapika. Zaidi ya miaka sitini hakukanyaga barafu.

Mluzi ule hakuujua mwenyewe. Ungemtoka akisinzia, ungemtoka bafuni nikimsugua mgongo. Siku moja uvumilivu ukaniishia.

"Mzee, kwetu mluzi ndani ya nyumba unamwita asiyeitwa. Hebu acha."

"Nani kakwambia?"

"Nyanya yangu."

 Maji yakawa yanapoa. "Nyanya yako alikuwa na akili," akasema, na siku hiyo ndipo aliponieleza.

Nyuma ya nyumba za mji wao ulipita mto. Baridi ikija unaganda, na watoto wote wanacheza juu yake. Yeye na mtoto wa jirani walikuwa hawaachani. Sasa mto si kama uwanja, kuna mahali barafu ni nyembamba, na ukisikia inalia umechelewa. Basi yeye akabuni mluzi, fupi na ndefu, na maana yake ni moja: simama hapo hapo ulipo, hata kidole usisogeze. Huulizi kwa nini, unasimama. Wakiwa na miaka kumi rafiki yake alikimbiza kile kidude cheusi hadi penye maji. Akampigia mluzi. Mtoto akasimama, na hatua mbili mbele yake barafu ikafunguka.

Wakakua, wote wawili wakawa wanalipwa, lakini miji tofauti. Majira yale ya sita timu zao zikakutana. Mzee alikuwa amekwisha kusikia kwamba kuna beki mwingine, kijana, anangojea nafasi yake. Na rafiki yake siku hiyo alikuwa moto, anampita kushoto, anampita kulia, watu wanacheka. Karibu na mwisho rafiki akakiwahi kile kidude kwenye kona.

"Nikapiga mluzi," akaniambia.

Sikumwelewa mara moja.

"Watu wote wale uwanjani, bosi, na mmoja tu ndiye aliyejua maana yake. Akasimama. Palepale, kanipa mgongo, hakusogeza hata kidole. Na mimi nikaja na uzito wangu wote."

Kichwa kiligonga ubao. Damu, aliniambia, barafu hainywi, inabaki juu, wanakuja kuikwangua kwa koleo. Refa aliona pigo la kawaida lililozidi kidogo. Akamtoa Mzee nje dakika mbili, ndiyo adhabu, akae kwenye benchi. Dakika mbili! Na mashabiki wakampigia makofi. Rafiki yake hakucheza tena. Sikio moja lilikufa, na akatembea kwa mkongojo kabla ya miaka thelathini. Mzee hakwenda hospitali kumwona. Barafu ilipoyeyuka akaondoka.

Nilimkausha, nikamvisha, nikamkalisha kitandani.  "Unataka nini sasa?" nikamuuliza.

"Anisamehe kabla sijafa. Au anitukane. Lolote, lakini litoke kwake."

Rafiki yake, kwa habari za kwao alizokuwa akizipata, alikuwa bado hai, na hakuwahi kuhama nyumba ile ya mtoni. Nikachukua karatasi. Barua tuliiandika mezani jikoni, yeye akisema, mimi nikiandika, na treni ikipita tunangoja. Haikufika hata ukurasa. Alisema jambo la mluzi wazi, bila kujipamba, na mwisho akasema, sikuombi unijibu, halafu akaniambia futa hiyo, naomba anijibu. Nikaipeleka posta. Tangu hapo kila nikiingia hasalimii, anauliza tu: "Kuna kitu sandukuni?" Hakuna, Mzee. "Haya."

Januari joto likaja la kukausha midomo, kifua chake kikajaa, akalazwa nimonia siku kumi na moja. Alirudi mifupa na macho. Jumatatu ile ile aliyorudi, nikiwa bado nje, nikafungua sanduku la barua, na barua ikawa imo, stempu za Kanada.

Niliifungua palepale langoni. Kwetu mgonjwa hasomewi barua ambayo hujajua ina nini. Mwandiko ulikuwa wa mwanamke. Binti wa yule rafiki. Mistari michache ya mwanzo ilisema baba yake alifariki, na barua yetu ilifika siku mbili baada ya mazishi.

Sikuendelea. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Ukurasa wa pili ulikuwepo, niliuona, na sikuugeuza.

"Kuna kitu?" akauliza.

"Kipo. Binti yake ameandika. Anasema baba yake anaumwa kidogo, hawezi kuandika kwa sasa."

Sasa nieleweke. Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa mtu, sembuse mgonjwa aliyetoka hospitali leo. Inashushwa. Kwanza anaumwa. Baada ya siku kadhaa amezidiwa. Halafu watu wazima wanakuja kukaa na wewe, mmoja anakushika mkono, mwingine ameshika maji, na kabla hawajasema umeshajua mwenyewe. Ndivyo nilivyotaka kufanya, ngazi kwa ngazi, Mzee akiendelea kupata nguvu.

Na ndivyo nilivyofanyiwa mimi. Mwaka wangu wa kwanza hapa, makaratasi yangu ya ukaazi yakiwa bado serikalini, kaka yangu mkubwa aliniambia kwenye simu baba anaumwa kidogo. Wiki tano nikawa naambiwa anaumwa kidogo. Halafu mchungaji akanipigia, akaniambia, na kumbe baba alikuwa ardhini wiki zote hizo tano. Makaratasi yangu yalikuwa yametoka juzi yake tu, wala sikuyafurahia. Kaka alipopiga nilikata simu. Alipiga tena nikakata tena. Miaka tisa salamu zetu zinapitia kwa dada. Kwa hiyo utaniuliza, wewe uliyeujua uchungu huo, mbona ukamfanyia mwenzio? Hata mimi najiuliza. Mdomo ulifuata njia uliyoizoea.

Jumatano nikaingia na uji. Mzee alikuwa amegeuza uso kando, kwa sababu ugonjwa wake wa macho ulimwachia kuona pembeni tu, katikati ni doa.

"Huyu ataondoka saa ngapi?" akauliza.

"Nani?"

"Aliyekaa pale."

Dirishani palikuwa na kiti cha mikono, cha mkewe, hakikaliwi. Nikatazama kiti. Nikamtazama yeye.

"Ni yeye," akasema. "Kanipa mgongo. Naiona namba kwenye sweta."

Nikamkumbusha yale aliyosema daktari wa macho, kwamba wenye ugonjwa huo huwa wanaona watu ambao hawapo, na si wazimu, wala hawadhuru. Akanikatiza. "Nilikuwepo daktari akisema. Alisema nitaona watoto, watu wenye kofia, watu nisiowajua. Huyu namjua."

"Ameanza lini kuja?"

"Jumatatu. Mliingia pamoja, yeye, wewe na barua."

Uji ulinimwagikia mkononi. Nilisema pole, sijui nilimwambia nani.

Siku hiyo kabla ya kutoka nilikigeuza kiti kikaelekea kitandani, nikijiona mjanja. Ijumaa nikamuuliza, vipi leo? "Umegeuza kiti," akasema. "Yeye hajageuka." Basi nikawa nafagia kukizunguka. Siku moja nilijilazimisha kukipangusa vumbi, na nje ni joto la kupasua kichwa, nikaona vidole vyangu vimekuwa baridi. Nikajiambia ni kiyoyozi. Nyumba ile haikuwa na kiyoyozi.

Alianza kuacha chakula. Alikuwa anamsemesha yule wa kitini. Niko jikoni namsikia: nitazame basi, nitazame hata mara moja tu. Alilia bila sauti, machozi yanashuka kwenye mikunjo ya shingo, na nikiingia ananiambia, mwambie ageuke, bosi, wewe una sauti. Kila siku nikitoka nilishika ule mkoba nikasema kesho. Kesho atakuwa amekula vizuri. Kesho atakuwa amelala vizuri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki ya pili nikapanda ngazi ya pili. Nikamwambia, binti anasema baba amezidiwa.

"Amezidiwa wapi?" akasema. "Si huyo hapo?"

Jumapili ya wiki ya tatu, baada ya kanisa, nilikwenda kula kwa rafiki yangu, Mkongo wa Bukavu, jirani yangu wa Granville na mwenzangu wa kazi hii hii. Nilimweleza yote, mkoba uko mapajani. Aliacha kukoroga sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, akaniita dada kwa lugha ya kwao.

"Yaya, ile barua uliisoma yote?"

"Mwanzo wake."

"Mwanzo? Aie! Mutu anakufa, anaacha neno, na weye unaitembeza mu sac kila siku kwenye treni?"

"Nilikuwa nangoja apate nguvu."

"Nguvu ya nini? Ule mufu atageuka namna gani na weye umefunga mudomo yake? Kwetu ukibeba neno ya mufu hata mayi hauikunywe mbele ya kuifikisha." Yaani hata maji hunywi kabla hujalifikisha. Akaninyang'anya sahani. Haki ya Mungu, aliniondolea sahani mbele yangu. "Kwenda. Utakula siku ingine."

Nilikasirika njia nzima. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki.

Jumatatu sikuvua hata viatu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika Mzee mkono.

"Mzee, rafiki yako amefariki. Alifariki kabla barua yetu haijafika."

"Najua," akasema.

"Nilikudanganya."

"Nalijua hilo pia. Soma."

Nikasoma ule mwanzo. Halafu, kwa mara ya kwanza, nikageuza ukurasa. Binti alikuwa ameandika kwamba kila baridi baba yao aliwapeleka mtoni na mkongojo wake, akawafundisha mluzi, fupi na ndefu. Aliwaambia ulibuniwa na rafiki yake, na kwamba yeye yuko hai kwa sababu ya mluzi ule. Yaliyotokea uwanjani waliyajua baadaye. Mama yao ndiye aliyemuuliza siku moja mezani, kwa hasira, kwa nini alisimama. Akasema, nilisikia mluzi. Mama akauliza, na ukiusikia tena leo? Akajibu: "Nitasimama tena. Ni mluzi wake." Kisha akaomba apitishiwe chumvi. Sijui kama haya yatakusaidia chochote, binti aliandika, lakini jina lako nyumbani kwetu halikutajwa kwa ubaya.

Treni ilipita. Vikombe vikagongana, vikatulia.

"Barua ilifika lini?" Mzee akauliza.

Ningeweza kudanganya tena. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. "Jumatatu uliyotoka hospitali."

Alihesabu kwa vidole juu ya shuka. "Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu namlilia mtu ageuke, na uso wake umo kwenye mkoba wako."

"Nisamehe, Mzee. Kwetu mgonjwa..."

"Kwenu," akasema, na akaachia hapo.

Akageuza kichwa kando kuelekea kiti. Akakusanya midomo. Pumzi ikatoka peke yake, haina sauti, nimonia ilishaila. Akajaribu tena. Mate tu. Akajaribu mara ya tatu hadi nikamshika kifua.

"Nipigie," akasema.

"Mimi sipigi mluzi, Mzee. Nilikwambia."

"Nipigie. Umenyamaza vya kutosha."

Nikalamba midomo. Niliogopa, sitaficha, niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa nyanya na mwiko wake. Mara ya kwanza ikatoka hewa. Mara ya pili ikatoka: fyu, fyuuu. Fupi na ndefu, ndani ya nyumba, mchana kweupe, naelekeza kwenye kiti kitupu. Mzee hakupepesa. 

"Amesimama," akasema.

Mimi kiti nilikiona kiti. Lakini nilimwona Mzee akiinua uso taratibu, kutoka usawa wa mtu aliyekaa mpaka usawa wa mtu aliyesimama, halafu uso wake ukabadilika, nikajua kule ng'ambo kuna aliyemtazama.

"Sasa toka," akasema.

"Nani?"

"Wewe. Tuache."

Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyo safi. Nilimsikia akiongea chini chini, mara anacheka, mara anataja majina ya watoto nisiowajua. Nilisikia sauti moja. Nasema nilisikia sauti moja, na nataka ibaki hivyo.

Saa yangu ilipofika nikaingia kuaga. Alikuwa amekula biskuti zote za sahani. Hakuniita bosi. "Waambie ofisi walete mwingine," akasema, macho dirishani. Nikadhani anatania, nikangoja acheke. Hakucheka. Nilimwambia nimeomba msamaha, akasema amesikia. Basi. Niliweka funguo juu ya meza, nikaenda stesheni, nikalia kwenye benchi hadi treni mbili zikanipita, na mama mmoja wa Kichina akanipa kitambaa cha karatasi.

Yeye alipata alichokitaka. Mimi sikupata, na wala sikumlaumu. Nilichomnyima hakikuwa changu.

Wiki chache baadaye nilikuwa Auburn, nimetoka kununua nyama na unga, simu ikalia. Ofisi. Msichana akaniambia kwa sauti changamfu kwamba yule mteja wangu wa zamani amefariki Jumapili, amelala tu hakuamka, na je, Jumatano ninaweza kuchukua shifti Merrylands? Vyote kwa pumzi moja. Hakuumwa kidogo, hakuzidiwa, hakuna aliyenishika mkono wala aliyeniletea maji. Nikasema ninaweza. Nikabaki nimesimama njiani na unga wangu, watu wanapita.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Kwetu ilikuwa asubuhi, kaka angekuwa anafungua duka. Nikasimama dirishani panapoonekana reli, nimekipa chumba mgongo, nikampigia kabla akili haijanirudi. Alipokea mara moja.

"Kuna nini?" akasema. "Nani anaumwa?"

Hata salamu hakunipa. Miaka tisa, na neno la kwanza ni hilo. Nusura nicheke.

"Hakuna anayeumwa, kaka. Nataka kuuliza. Zile wiki tano za baba. Ulikuwa unangoja nini?"

Nikasikia anavuta kitu, labda stuli, akakaa.

"Makaratasi yako," akasema.

"Makaratasi gani?"

"Ya huko. Baba ndiye aliyesema. Sauti ilikuwa imeshaanza kwisha, akanivuta hapa kwenye shati. Akasema, binti yangu akisikia atakuja mbio, na akitoka huko kabla makaratasi hayajatoka watamfungia mlango. Asiambiwe mpaka ayapate. Akaniapisha, mdogo wangu. Nifanye nini?"

Nikakumbuka. Mchungaji alipiga siku mbili baada ya makaratasi kutoka. Siku mbili. Nimekaa na hesabu hiyo miaka tisa sikuipiga.

"Mbona hukuniambia?" nikasema, na sauti haikuwa yangu.

"Nikuambie saa ngapi? Nilipiga, ukakata. Nikapiga, ukakata. Miaka tisa umenipa mgongo."

Nilikuwa bado nimesimama pale dirishani, natazama reli. Nikageuka.